Mwezi Umeandama? Tuulize Tarakilishi

Ramadhani ikikaribia, huku Eastlands swali huwa moja: mwezi umeandama? Pumwani na Eastleigh watu hutazama magharibi jua likizama, kisha husubiri tangazo la Kadhi Mkuu. Wengine hufuata Saudi Arabia, basi jirani mmoja anakula Idi na mwenzake bado amefunga.

Je, tarakilishi itamaliza ubishi? Tuangalie historia. Miaka ya 1930 Mfaransa André Danjon alisema mwezi ukiwa chini ya nyuzi 7 kutoka kwenye jua hauonekani. Mwaka 1997 Bernard Yallop wa Uingereza akatoa kanuni ya kupima uwezekano wa kuuona. Mohammad Odeh wa Jordan naye akatumia taarifa 737 za watazamaji kuunda kanuni yake, aliyoiweka katika Accurate Times, programu ya bure.

Lakini bure si lazima iwe huria. Stellarium, aliyoianzisha Fabien Chéreau mwaka 2000, na Virtual Moon Atlas ya Legrand na Chevalley, ya mwaka 2002, ni huria: fungua msimbo uone hesabu mwenyewe. Chagua Nairobi, na mara nyingi utaona hilali imelala kama mashua, kwani tuko karibu na ikweta.

Ufuate mwandamo wa nani? Hilo waamue watu, si programu. Ila mtu akidai ameuona mwezi jioni ambayo ulitua kabla ya jua, hesabu itamuumbua.