Bajeti inasomwa Dodoma, salfa inapulizwa Nachingwea

Juzi kwenye semina jamaa mmoja alidai eti bajeti ni mambo ya wakubwa, mkulima wa kijijini haimhusu. Mimi ni mtoto wa Nachingwea, kwa hiyo hii siwezi kuipitisha hivi hivi.

Tuanzie 1947. Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, London ikapanga pauni milioni 25 kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Matrekta yakaja, reli ikajengwa kutoka Mtwara. Januari 1951 mradi ukafutwa, na pauni kama milioni 36 zilikuwa zimeshapotea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Watu wa huku hawakuulizwa wakati wa kuanza, wala wakati wa kuacha.

Sasa tuje kwenye korosho, ndiyo maisha yetu Nachingwea na Ruangwa. Korosho ghafi zikienda nje hutozwa ushuru wa asilimia 15, au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Zamani asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kwenye zao lenyewe: salfa, miche, utafiti wa Naliendele. Juni 2018, kwenye bajeti, Bunge likabadili sheria, fedha zote ziende Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walipiga kelele sana, haikusaidia.

Angalieni kalenda. Bajeti inasomwa Juni, na mikorosho inaanza kuchanua Juni hiyo hiyo. Ua lisipopata salfa, ubwiri unga unalimaliza. Mkulima hawezi kusubiri kikao kingine.

Mwaka ule ule bei mnadani zikawa mbovu, wakulima wakagoma kuuza. Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba mzigo. Bei ilikuwa nzuri, ila ukaja uhakiki wa kutafuta kangomba, na wengine wakaingia 2019 hawajalipwa. Januari shule zinafunguliwa: sare, madaftari, nauli ya anayesoma mbali. Nyumba nyingi huku hayo yote yanasubiri korosho.

Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000. Uliofuata zikashuka hadi kama 225,000. Hali ya hewa ina mchango wake, sikatai. Lakini baadaye, chini ya Rais Samia, ruzuku ya pembejeo ilirudi, na 2024/25 mavuno yakapita tani 400,000.

Kwa hiyo ndugu yangu wa semina, kifungu kimoja cha Dodoma kinaweza kumrudisha mtoto nyumbani Ruangwa. Sisi tunaokwenda kuwa walimu tutamwona: ni yule ambaye dawati lake litakuwa tupu Januari. Kabla hujamuita mtoro, uliza kwanza kwao wamelipwa lini.