Fedha zikivuka mpaka, polisi hufuata njia gani?

Mfanyabiashara wa Bujumbura anayeagiza bidhaa kutoka Dar es Salaam au Dubai huhitaji dakika chache tu kutuma malipo. Mwizi aliyeingilia barua pepe zake na kubadilisha namba ya akaunti huhitaji muda huo huo kuzihamisha fedha hizo hadi nchi ya tatu. Lakini afisa wa polisi wa Burundi hana mamlaka ya kuidai benki ya kigeni taarifa za mteja wake, wala ya kumkamata mtu ng'ambo ya mpaka wa Gatumba. Ushirikiano wa polisi umebuniwa ili kuziba pengo hilo.

Je, Interpol hukamata watu?

Hapana. Interpol, yenye makao makuu mjini Lyon, Ufaransa, na nchi wanachama 196, haina askari wanaovuka mipaka kwenda kukamata wahalifu. Kila nchi, Burundi ikiwemo, ina ofisi ya taifa inayoendeshwa na polisi wake yenyewe na kuunganishwa na nyingine kwa mtandao salama wa mawasiliano usiku na mchana. Hata notisi nyekundu si hati ya kukamatwa: ni ombi la kumtafuta mtu, na kila nchi huamua uzito wake kwa mujibu wa sheria zake.

Katika ukanda huu lipo pia Shirikisho la Wakuu wa Polisi wa Mashariki mwa Afrika, EAPCCO, lililoundwa Kampala mwaka 1998. Burundi, Tanzania, Rwanda, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa wanachama wake. Sekretarieti yake ni ofisi ya kanda ya Interpol iliyoko Nairobi.

Kwa nini kesi huchukua muda mrefu?

Kwa sababu taarifa si ushahidi. Polisi wa nchi mbili wanaweza kuambiana kwa haraka jina la mwenye akaunti au namba ya simu iliyopokea fedha. Lakini ili nyaraka za benki zikubalike mahakamani, au mali itaifishwe, kwa kawaida ombi rasmi hupitia kwa waendesha mashtaka na wizara za sheria. Burundi ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa mwaka 2006, na mwaka 2008 ikapitisha sheria ya kupambana na utakatishaji fedha. Misingi hiyo ya kisheria ndiyo inayowezesha maombi ya aina hii.

Uhusiano wa kisiasa nao una uzito wake. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda. Mtandao wa Interpol hauhitaji mpaka ulio wazi, lakini jibu la ombi hutegemea utayari wa anayeombwa. Ibara ya 3 ya katiba ya Interpol inakataza shirika hilo kujihusisha na masuala ya kisiasa, kijeshi, kidini au ya kimbari. Ibara hiyo ni kinga kwa raia ambaye serikali inaweza kumtafuta kwa kisingizio cha fedha.

Je, fedha zinaweza kurudi?

Ndiyo, iwapo hatua zitachukuliwa mapema. Julai 2024 kampuni moja ya Singapore ilitapeliwa dola milioni 42.3 kwa barua pepe bandia na kuzituma Timor ya Mashariki. Siku nne baadaye iligundua wizi huo na kutoa taarifa. Kupitia utaratibu wa Interpol wa kuzuia malipo kwa dharura, dola milioni 39 zilizuiliwa, na washukiwa saba wakakamatwa.

Mwaka huo huo, kati ya Septemba na Oktoba, operesheni Serengeti katika nchi 19 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Rwanda na Kongo, ilisababisha kukamatwa kwa washukiwa 1,006.

Aliyeibiwa mjini Bujumbura hana uwezo wa kuiandikia Interpol aitume polisi wake kwa niaba yake. Njia huanzia kwa polisi wa nchi yake. Anachoweza kufanya ni kuiarifu benki au kampuni ya simu na polisi siku hiyo hiyo, akiwa na namba ya muamala, saa, kiasi na namba iliyopokea. Fedha zikishatolewa taslimu, ushirikiano wa polisi unaweza kumpata mwizi, lakini mara nyingi hautazikuta fedha.