Jando la Kikristo la Masasi
Jando la Kikristo ni tohara na mafunzo ya wavulana yaliyofanywa chini ya Kanisa la Anglikana Masasi, katika Tanzania ya leo, tangu miaka ya 1910. Mtetezi wake mkuu, William Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi (1926–1944), alishika hoja ya kihafidhina: mila zinazofunga ukoo pamoja zisivunjwe kwa sababu tu ni ngeni kwa Mzungu, na ubinafsi wa Ulaya usigeuzwe kuwa Injili. Katika kambi ya jando, sala zilichukua nafasi ya matambiko. Tohara, makungwi na mafunzo vikabaki. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, ila kwa wasichana ilikwama: unyago, yaani mafunzo yao, ulibaki mikononi mwa wanawake wazee. Katika eneo jirani, watawa Wakatoliki wa Kibenediktini waliofika Lukuledi mwaka 1895 walikuwa wakali zaidi kwa mila hizo.