Kuhama chuo cha udaktari: Unguja

Kuhama chuo cha udaktari ni kuacha shahada ya udaktari wa binadamu katikati na kuiendeleza kwenye chuo kingine, huku masomo aliyokwisha kuyafaulu mwanafunzi yakihesabiwa. Kwa mwanafunzi wa Unguja, safari hii inagusa mambo mawili ambayo Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inayatenganisha: elimu ya juu ni jambo la Muungano, afya si la Muungano. Chuo, kiwe Unguja au Mwanza, kiko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kwa usajili wa daktari, Zanzibar ina baraza lake, na Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika. Aliyehamia Dar es Salaam haioni tofauti hiyo darasani; ataikuta akishamaliza, anapotaka kurudi nyumbani kutibu.

Kwa miaka mingi Unguja haikuwa na chuo cha kuhama wala cha kuhamia. Madaktari wake walisomea Makerere, ambako udaktari ulifundishwa tangu 1924, kisha Dar es Salaam, ambako shule ya udaktari ilifunguliwa 1963, na baada ya Mapinduzi wengine walipelekwa nchi za kijamaa. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Sayansi za Tiba cha Matanzas, Cuba, kilianza kufundisha madaktari hapahapa kisiwani. Walimu walikuwa Wakuba, na wodi za kujifunzia zilikuwa za Mnazi Mmoja, hospitali iliyo pembezoni mwa Mji Mkongwe ambayo wazee wanaikumbuka kwa jina la V. I. Lenin. Kundi la kwanza lilimaliza 2013, na mwaka huohuo mafunzo hayo yakaingizwa chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Mafunzo yenyewe yalihama chuo, wagonjwa na wodi zikabaki zilezile.

Mfano wa Cuba unaonyesha vizuri ugumu ulipo. Shahada ya Kikuba ni ya miaka 6, na mwaka wa mwisho ni wa kufanya kazi wodini. Ya Tanzania ni ya miaka 5, halafu mwaka 1 wa utarajali nje ya shahada. Jumla ni ileile, lakini anayehama mwaka wa tano anaweza kujikuta kwa upande mmoja yuko ukingoni mwa mahafali na kwa upande mwingine bado ana mwaka mzima wa chuo. Tena Wakuba huunganisha anatomia, histolojia, embriolojia na fiziolojia katika somo moja, mofofiziolojia. Chuo kinachofundisha kila somo kivyake kinapopokea transkripti ya namna hiyo, lazima kiamue alama moja inalipia masomo mangapi. Vipimo vya TCU husaidia: kredi 1 ni saa 10 za kujifunza. Saa hizo hazisemi kama mwanafunzi amewahi kushika kisu cha kupasulia maiti.

Kwa maoni ya mwandishi, hati yenye uzito kuliko transkripti ni daftari la wodi. Humo kila mstari una tarehe, kazi iliyofanywa na sahihi ya daktari msimamizi, na mwanafunzi hutaja kama alitazama, alisaidia au alifanya mwenyewe. Mistari michache ya kuzalisha iliyoandikwa "alifanya mwenyewe" inamweleza mkuu wa idara mpya mengi kuliko alama B.

Kwa hiyo mahali pepesi pa kuvukia ni mwishoni mwa mwaka wa pili, kabla ya kuingia wodini. Uingereza wamelifanya hilo kuwa utaratibu: wanafunzi wa St Andrews humalizia masomo ya hospitali katika vyuo vingine, Manchester kikiwamo, na wengi wa Cambridge walikwenda London hadi chuo chao kilipofungua shule ya wodini mwaka 1976.

Anayeomba kuhamia chuo cha Tanzania hupimwa pia kwa sifa za kuingilia, yaani walau D katika fizikia, kemia na baiolojia za kidato cha sita. Mkopo nao haumfuati wenyewe. Bodi inayomlipia, ya Muungano au ya Zanzibar iliyoundwa 2011, lazima ijulishwe, la sivyo bumu litachelewa.

Vita vimeleta uhamisho wa aina nyingine. Wanafunzi wa Kitanzania walikimbia Ukraine 2022, na Aprili 2023 wengine wakatolewa Khartoum. Aliyerudi bila transkripti rasmi hampi msajili cha kulinganisha, hata kama alishafika mwaka wa tano. Nakala yenye mhuri ya kila mwaka ingemwokoa. Wasudani wa chuo cha UMST cha Khartoum walipata njia bora zaidi: mwaka huo walipokelewa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kwa pamoja, kama darasa, wakaendelea na mafunzo ya wodini bila kila mmoja kujiombea nafasi peke yake.