Bei ya Kosa

Septemba 1975, katika chumba cha hoteli ya St. Francis mjini San Francisco, mhandisi Chuck Peddle na wenzake wa kampuni ya MOS Technology waliweka mezani mitungi ya kioo iliyojaa chipu. Maonyesho ya elektroniki ya WESCON yalikuwa yanaendelea mjini humo, lakini kuuza bidhaa papo hapo ukumbini kulikatazwa, kwa hiyo wakakodi chumba pembeni. Aliyetoa dola 25 aliondoka na 6502, ubongo mzima wa kompyuta, mfukoni mwa shati. Kwenye orodha za bei za wakati huo, 6800 ya Motorola na 8080 ya Intel zilikuwa ghali mara kadhaa zaidi. Wapo waliodhani ni utapeli, mpaka Motorola yenyewe ilipoteremsha bei yake chini ya dola 70. Miongoni mwa walionunua alikuwemo kijana anayeitwa Steve Wozniak.

Kuna jambo moja ambalo waliouza siku ile walikuja kulisimulia baadaye. Chipu nzima zilikaa juu ya mtungi. Za chini zilikuwa mbovu, zimewekwa ili mtungi uonekane umejaa.

Nasoma uzamili wa historia, na ninachofuatilia ni historia ya bei za vifaa vya elektroniki vya wanafunzi na mafundi wa kujifundisha. Katika yote niliyosoma, sijaona kitu kinachoeleza bei vizuri kuliko mtungi ule. Chipu huchapwa nyingi kwa pamoja juu ya bamba moja la silikoni. Baadhi hutoka zimekufa, na zile nzima ndizo zinazolipia gharama ya zilizokufa. MOS iliweza kuuza kwa dola 25 kwa sababu ilipata njia ya kusahihisha kasoro kwenye violezo vya kuchapia, hivyo kila bamba likatoa chipu nzima nyingi zaidi. Kwa maneno mengine, makosa ya kiwandani yalipungua, na bei ikashuka pamoja nayo.

Hoja yangu ni kwamba habari hiyo haikuishia kiwandani. Historia ya bodi za majaribio, yaani vile vipande vidogo vyenye chipu, matundu ya kuchomeka waya na mlango wa kuunganisha na kompyuta, ni historia ya bei ya kosa. Swali ambalo kila bei imejibu, hata pale ambapo hakuna aliyeliuliza, ni hili: nani ataruhusiwa kuunguza?

Tuanze na 1976. MOS ilitoa KIM-1, bodi moja yenye 6502, vitufe vya kuandikia namba na kioo cha tarakimu sita, kwa dola 245. Mwaka huohuo Wozniak na Steve Jobs walianza kuuza Apple I kwa dola 666.66. Kwa mhandisi mwenye mshahara hizo zilikuwa bei za ajabu kwa urahisi wake. Kwa mwanafunzi zilikuwa bei za kitu ambacho ukikiharibu, huna kingine.

Mwaka 1992 kampuni ya Parallax ya California ilileta BASIC Stamp, kidude chenye ukubwa wa stempu ya barua, ambacho mtu asiye mhandisi angeweza kukipa amri kwa lugha nyepesi. Shule za usanifu na sanaa zikakipenda. Lakini miaka kumi baadaye, katika chuo kidogo cha usanifu huko Ivrea, kaskazini mwa Italia, mwalimu Massimo Banzi aliona kwamba kifaa hicho kilikuwa kimepitwa na wakati, na kwamba kukipata pamoja na vinavyohitajika kulikaribia dola 100. Wanafunzi wake walikuwa wabunifu wa taa, wa viti na wa sanaa za maonyesho. Walitaka kujaribu, na kujaribu ndiko kunakoua vifaa.

Ivrea ni mji uliozoea mashine, kwani ndiko kampuni ya Olivetti ilikotengenezea taipureta zake. Hapo chuoni mwanafunzi mmoja kutoka Kolombia, Hernando Barragán, alianza mwaka 2003 kutengeneza Wiring, bodi pamoja na programu yake, kama kazi ya tasnifu ya uzamili. Banzi alikuwa mmoja wa wasimamizi wake. Mwaka 2005 Banzi na wenzake waliichukua kazi hiyo, wakaweka chipu ya bei nafuu zaidi, ATmega8, wakaupa mradi jina la baa waliyozoea kunywa, ambayo nayo ilibeba jina la Arduin, aliyetawazwa kuwa mfalme wa Italia mwaka 1002. Arduino ikazaliwa.

Lengo lao la bei lilikuwa dola 30 hivi, na kipimo walichotumia kilikuwa cha mtaani kabisa: bodi isizidi gharama ya kwenda kula piza. Watu wengi hukisimulia kipimo hicho kama mzaha. Mimi nakiona ndicho uamuzi mkubwa kuliko yote. Chakula cha jioni ni pesa ambayo mtu hukubali iishe. Haumi sana ikipotea.

Nao hawakuishia kwenye bei ya dukani. Programu ndogo iliyowekwa ndani ya chipu iliondoa haja ya kununua kifaa cha pembeni cha kuichomea maelekezo. Katika Uno, iliyotoka mwaka 2010, chipu kuu haikulehemiwa. Ilikaa kwenye soketi, ili ikiungua uing'oe kwa bisibisi na kuweka nyingine bila kutupa bodi. Fyuzi yake hujirudisha yenyewe, ili waya uliopotea njia usiue mlango wa USB wa kompyuta. Ukiitazama bodi hiyo kwa jicho la mwanahistoria, unaona orodha ya makosa ambayo waliotengeneza walitarajia utayafanya, na kila kosa limewekewa bei ndogo mapema.

Chuo cha Ivrea kilikuwa njiani kufungwa. Kwa kuhofia kazi yao isipotee nacho, waliweka michoro wazi: mtu yeyote atengeneze, abadilishe, auze, mradi asitumie jina lao. Hapo ndipo Shenzhen ilipoingia. Viwanda vya China vilichukua michoro, vikabadili chipu ya mawasiliano ya USB kwa CH340 iliyo rahisi zaidi, mara nyingi vikaondoa na ile soketi, na bodi ikaanza kupatikana kwa chini ya dola 5. Soketi haikuhitajika tena kwa sababu bodi nzima sasa ilikuwa bei ya kipuri.

Huku kwetu tunaziita kopi, kwa sauti ya kuomba radhi kidogo. Lakini tuangalie jinsi bei inavyosafiri. Uno ina uzito wa gramu 25, maana yake bodi 40 hazizidi kilo moja. Anayeleta mzigo kupitia wakala wa Guangzhou analipa kwa kilo, na nauli inagawanyika kwa bodi 40. Anayeagiza moja iliyo halisi kutoka Ulaya anaibeba nauli yote peke yake. Kisha inakuja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, ambayo hupigwa juu ya thamani ya mzigo ukiwa na nauli na bima ndani yake. Kwa hiyo aliye mbali na kiwanda analipa umbali, halafu analipa kodi ya umbali. Mpaka hapo gharama ya piza moja ya Ivrea imeshakuwa fungu kubwa la posho ya mwezi ya mwanafunzi wa Dar es Salaam.

Jumamosi najitolea katika klabu ya sayansi ya shule moja ya sekondari hapa jijini. Nilipofika mara ya kwanza, klabu ilikuwa na bodi moja halisi, zawadi ya mfadhili, iliyofungiwa kabatini. Ilitolewa, ikawekwa mezani, na wanafunzi kumi na tano wakaizunguka kwa mikono mgongoni. Mwalimu alichomeka waya. Wao waliandika hatua kwenye daftari. Neno nililolisikia zaidi siku ile lilikuwa "msiguse". Sikumlaumu mwalimu, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi: kosa moja lingefunga klabu. Muhula uliofuata wazazi na walimu walichanga, zikanunuliwa kopi kumi Kariakoo. Wiki ya pili msichana wa kidato cha pili alichomeka waya kinyume, bodi ikatoa harufu ya kuungua, darasa zima likanyamaza likinitazama. Nilimpa nyingine. Aliigeuza mara mbili mkononi kabla ya kuuliza, "Kwa hiyo ule wa kushoto ndio chanya?"

Tuna msemo unaosema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Ni msemo mzuri, ila unachukulia kwamba mara ya pili ipo. Katika elektroniki mara ya pili hununuliwa.

Kuna aliyeelewa jambo hili akiwa Cambridge. Eben Upton aliona wanafunzi wanaoomba kusoma sayansi ya kompyuta wanapungua, na wanaokuja wamegusa mashine kidogo kuliko waliowatangulia. Sababu mojawapo aliyoieleza ni kwamba kompyuta ya nyumbani ilikuwa imegeuka mali ya familia nzima, na hakuna mzazi anayetaka mtoto aifungue. Tarehe 29 Februari 2012 Raspberry Pi ilitoka kwa dola 35, na siku hiyo wanunuzi walifurika hadi tovuti za wauzaji zikazidiwa. Novemba 2015 ikaja Pi Zero ya dola 5, na nakala zake zikabandikwa bure kwenye jalada la jarida la The MagPi. Januari 2021 ikaja Pico, dola 4.

Ni kweli kwamba dola 35 haikuwa bei yote. Kioo, kibodi, kadi ya kumbukumbu na chaja vilikuwa juu yako. Hata hivyo namba ile ilishikiliwa kama ahadi, mpaka uhaba wa chipu ulipoipiga dunia. Oktoba 2021 Pi 4 ya GB 2 ilipanda kutoka dola 35 hadi 45, kampuni ikisema ni kwa muda. Bodi chache zilizopatikana zilipelekwa kwanza kwa wateja wa viwandani, ambao biashara zao zingesimama bila hizo. Wengine walikutana nazo kwa walanguzi, wakati mwingine kwa zaidi ya dola 100. Uamuzi huo una mantiki ya kibiashara, na siubezi. Lakini ulionyesha foleni ilivyopangwa: bodi iliyozaliwa kwa ajili ya mtoto wa kujaribu, siku ya njaa ilimweka mtoto nyuma.

Wala urahisi wenyewe haukuwa bure. Oktoba 2014 kampuni ya FTDI, yenye chipu za USB zilizokuwa zikighushiwa sana, ilisambaza programu iliyozifanya chipu za kughushi zisitambulike tena na kompyuta. Kampuni ilikuwa inalinda haki yake. Ila aliyebaki na bodi iliyokufa mezani hakuwa mghushi. Alikuwa mnunuzi wa mwisho, ambaye hakuwa na njia ya kujua kilicho ndani ya kile kipande cheusi. Baada ya kelele nyingi programu hiyo iliondolewa. Kosa la mwingine lilikuwa limepelekwa kulipwa na mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

Na yupo Barragán. Mwaka 2016 aliandika simulizi yake ndefu ya jinsi Wiring ilivyogeuka Arduino bila yeye kualikwa. Mimi niliisoma nikiwa na rasimu ya tasnifu yangu mezani, na nakiri sikuisoma kwa utulivu wa mtafiti. Kazi ya mwanafunzi wa uzamili ilikuwa msingi wa bodi iliyofika kila bara, ikabeba jina la baa. Leseni huria ziliruhusu kazi ichukuliwe na kuendelezwa, na bila ruhusa hiyo kopi za Kariakoo zisingekuwepo, wala yule msichana asingepata bodi ya pili. Mambo yote mawili ni kweli, na moja halifuti jingine. Ninachosema ni kwamba tunapohesabu gharama zilizoshusha bei hadi dola 5, jina lake liwemo kwenye hesabu.

Oktoba 2025 Qualcomm ilitangaza kwamba inainunua Arduino, na siku hiyohiyo ikatangazwa bodi mpya, UNO Q, kwa dola 44. Ina nguvu ambayo Banzi na wenzake wasingeiota mwaka 2005. Mabishano niliyoyasikia tangu hapo yanahusu kasi yake, kumbukumbu yake, na kama michoro itabaki wazi. Ni mabishano ya haki. Mimi ningeongeza swali moja kwa kila atakayeagiza bodi kwa ajili ya shule, iwe hiyo au nyingine. Fedha mliyonayo igawanyeni kwa bei iliyofika mlangoni kwenu, nauli na kodi zikiwa ndani. Kisha toeni idadi ya meza za darasa. Kinachobaki ni idadi ya makosa ambayo watoto wenu wataruhusiwa kufanya mwaka huo. Jibu likiwa sifuri, mmenunua kitu cha kufungia kabatini.