Genkan

Genkan ni sehemu ya kuingilia katika nyumba ya Kijapani, ambapo wenyeji na wageni huvua viatu. Sakafu yake huwa chini kuliko ya vyumba, ili vumbi na matope yasipite ukingo wa mbao uitwao *agarikamachi*. Mgeni huvua viatu akiwa chini, hupanda bila kukanyaga sakafu ya genkan kwa soksi, kisha hugeuza viatu vielekee mlangoni. Ndani huvaliwa ndara, lakini nazo huvuliwa kabla ya kukanyaga *tatami*, mikeka minene ambayo nyuso zake husukwa kwa nyasi za *igusa* na huharibika upesi. Choo mara nyingi huwa na ndara zake, na kutoka nazo hadi sebuleni ni aibu kubwa.

Hapo awali jina genkan lilihusu lango la mahekalu ya Ubuddha wa Zen. Baadaye nyumba za samurai ziliiga ujenzi huo, na baada ya mwaka 1868 ukaenea kwa watu wa kawaida. Hata fleti ndogo za Tokyo huwa na genkan. Shule nyingi pia zina makabati ya viatu mlangoni, na wanafunzi hubadili wavae viatu vyepesi vya ndani, *uwabaki*.