Sehemu ya 4: Walianza na watoto wa kiume, sisi wasichana tukasahaulika

Sehemu hii niliahidi Jumapili na leo ni Alhamisi. Nilikaa kuandika, nikanyanyuka kuzima jiko, nikaishia kupanga kabati la watoto mpaka saa tano usiku. Someni tu, mtaelewa.

Wengi mmeniuliza kwenye meseji: "Nesi, hii ADHD si imeletwa na simu?" Hapana jamani. Mwaka 1798 hata balbu ya umeme hakuna, daktari mmoja Mskoti, Alexander Crichton, alichapisha kitabu cha maradhi ya akili na ndani yake akaweka sura ya umakini. Akaeleza watu wasioweza kushikilia jambo moja, kila kakelele kanawatoa, na akasema mtu anaweza kuzaliwa hivyo. Ila akadhani hali hiyo inapungua mtu akikua. Hiyo dhana ikumbukeni, ilitugharimu miaka mingi.

Miaka ya 1840 huko Frankfurt, Ujerumani, daktari Heinrich Hoffmann alimtungia mwanawe kitabu cha picha. Baadaye akaongeza mtoto anayeitwa Philipp, anabembea na kiti mezani mpaka anavuta kitambaa na chakula chote kinamwagika. Kila nyumba ina Philipp wake, si ndiyo? Na ni mvulana.

Halafu London, 1902. Daktari wa watoto George Still aliwahutubia madaktari wenzake juu ya watoto wenye akili timamu kabisa ambao hawawezi kujizuia wala kutulia. Akaiita kasoro ya kujizuia kimaadili. Hilo jina silipendi, linamfanya mtoto aonekane mwovu. Lakini nampa haki yake: aliona baadhi yao wametoka kwenye nyumba zenye malezi mazuri, kwa hiyo si kila mara mama ndiye wa kulaumiwa. Zaidi ya miaka 120 imepita na bado tunaambiwa "hujamchapa vya kutosha huyo". Katika watoto wake pia wavulana walikuwa wengi kuliko wasichana.

Dawa ilipatikana kwa bahati. Mwaka 1937 huko Rhode Island, Marekani, Charles Bradley alikuwa na watoto wanaoumwa kichwa baada ya kipimo cha kutolewa maji ya uti wa mgongo. Akawapa Benzedrine ili kichwa kitulie. Kichwa hakikutulia sana, ila walimu wakashangaa: karibu nusu ya wale watoto 30 walibadilika darasani. Wenyewe wakaziita dawa za hesabu. Ritalin nayo ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon, akaipa jina la mkewe Rita. (Msikimbilie kuinunua kiholela. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari na kufuatiliwa.)

Sasa mwaka 1968 kitabu cha Wamarekani cha kutambua magonjwa ya akili kikaiweka kama tatizo la utotoni linalopungua mtu akibalehe. Yaani ukiwa mtu mzima, huna. Ukiwa msichana umekaa kimya dirishani, mawazo yako Kigoma na mwili darasani, ndiyo kabisa hakuna anayekuona. Ilipofika 1980 ndipo kitabu hicho kikakubali kwamba umakini unaweza kukosekana bila utukutu. Jina la ADHD lilikuja 1987. Na mwaka 2013 kikasema dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, si 7 kama zamani, na kuanzia miaka 17 zinatosha dalili tano badala ya sita.

Nilisoma haya yote kwa ajili ya mwanangu, baada ya mwalimu wake kuniita mara ya tatu. Nikawa nazihesabu dalili zake, kumbe nahesabu zangu. Usiku mmoja zamuni, wodi imetulia, nikajaza dodoso la watu wazima lililotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2005. Lina maswali 18, na sita ya mwanzo ndiyo ya kuchuja. Nikapatwa na baridi tumboni.

Dodoso si majibu, mama zangu. Ukiwa na kichanga na hulali, lazima usahau. Upungufu wa damu, tezi ya shingo, sonona baada ya kujifungua, vyote vinaweza kukuvuruga kichwa, na hivyo vina tiba zake. Swali kubwa ni je, ulikuwa hivi tangu mdogo, nyumbani na shuleni?

Hilo siwezi kujijibu mwenyewe, nikampigia mama yangu. Akacheka. "Wewe nilikuwa nakutuma chumvi unarudi na mchicha, na chenji umeacha dukani."

Mwezi mzima nimejishauri niende au nisiende. Kilichonizuia ni aibu. Nikifunguliwa faili kliniki ya afya ya akili, wenzangu watanionaje? Mimi ndiye nashika dawa za wagonjwa. Lakini hapohapo ndipo penye sababu ya kwenda. Mwaka jana nilimpa mgonjwa dawa ya saa sita usiku ikiwa saa nane. Hakudhurika, nililitoa kwenye ripoti, nikasamehewa. Tangu hapo naandika kila kitu kwenye plasta naibandika kwenye gauni, na bado sijiamini.

Wenzangu wengine wameishi na plasta zao na wanaendelea vizuri, hawataki kupimwa, siwalaumu. Kama maisha yako hayaharibiki, huna haraka. Yangu yananiogopesha.

Jumanne sina zamu. Nimeandika "KLINIKI SAA 2 ASUBUHI" kwenye plasta, nimeibandika juu ya kitasa cha mlango. Na mume wangu ana kazi ya kunikumbusha plasta iko wapi.